Buleusa: Mvua inaponyesha juu mlimani, nani anawaambia walio chini?

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, katika teritwari ya Kalehe. Wauzaji na wanunuzi walikuwa wamefika kutoka vijiji vingi vya jirani. Mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikajaa kwa muda mfupi, ikashuka na mawe, miti na matope. Nyamukubi na Bushushu ndivyo vijiji vilivyoumia zaidi. Nyumba, soko na familia nzima nzima vilibebwa hadi ziwani. Siku zilizofuata, hesabu ya waliokufa ilipita watu 400, na maelfu wengine hawakuonekana tena. Jumatatu tarehe 8 Mei nchi yote iliwaombolezea.

Kalehe iko Kivu Kusini. Buleusa iko mbali na pale, upande wa Kivu Kaskazini, katika eneo la Ikobo, teritwari ya Walikale. Lakini mkaaji wa Buleusa akisikia habari ya Nyamukubi anaielewa bila kufafanuliwa. Naye analala chini ya mlima. Naye anachota maji, anafua nguo na kwenda sokoni kwa njia inayovuka mito midogo inayotoka juu. Na naye, mvua ikinyesha huko juu usiku, hakuna anayemwambia.

Masisi pia ilipatwa mwezi mmoja kabla ya Kalehe. Jumapili tarehe 2 Aprili 2023, udongo wa mlima uliporomoka huko Bolowa. Wengi wa waliofunikwa walikuwa wanawake na watoto waliokuwa kwenye maji chini ya mlima wakifua nguo na kuosha vyombo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa kwenye kazi ya kila siku, mahali pa kila siku.

Bidoni milioni mbili na nusu

Watu wengi hushangaa: kijito ambacho mtoto anakivuka kwa miguu asubuhi, kinawezaje kubeba nyumba jioni? Jibu liko kwenye hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta mraba moja, ni litre moja ya maji. Sasa chukua mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa mvua moja kubwa ya milima yetu. Ikianguka juu ya kilometa mraba moja tu ya mlima, ni litre milioni 50. Ukiyatia kwenye bidoni za litre 20, utahitaji bidoni milioni mbili na nusu. Na bonde moja hukusanya maji ya kilometa mraba nyingi, yote yakitafuta njia moja ya kushuka.

Msitu ukiwa mlimani, sehemu kubwa ya maji hayo hukawia. Majani huvunja nguvu ya matone, mizizi hushika udongo, na ardhi hunywa polepole. Mlima ukiwa umekatwa miti kwa ajili ya makala, mbao, mashamba au malisho ya ng'ombe, maji hayapati kizuizi. Hushuka yote kwa mara moja, pamoja na udongo wenyewe. Maji yenye matope na mawe ni mazito kuliko maji matupu, na nguvu yake ya kupiga ni kubwa zaidi.

Jambo hilo linajulikana vizuri hata katika nchi za jangwa. Huko Oman, ambako kuna ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, milima ni mawe makavu na mabonde yake hukaa bila maji karibu mwaka wote. Mvua ikinyesha juu, bonde kavu hugeuka mto kwa dakika chache. Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al-Shan, maji ya namna hiyo yalibeba gari lililokuwa na watoto wa shule, na karibu kumi kati yao wakafa. Mtu wa Walikale, anayeona mvua karibu kila mwezi, anaweza kufikiri hayo ni mambo ya jangwani tu. Lakini mlima uliovuliwa miti hauna tofauti kubwa na jiwe: maji hayaingii, yanateleza.

Maji ya usiku

Kuna jambo lingine linaloongeza vifo: saa. Katika Kivu mvua kubwa mara nyingi huanza mchana baada ya jua kupasha ardhi, kisha huendelea jioni na usiku. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake ndani ya mji wa Uvira, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila nyumba. Mwezi wa Mei 2025, katika teritwari ya Fizi, kijiji cha Kasaba kilipigwa na maji na mawe usiku kuelekea alfajiri, watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 100 walikufa. Wengi walikuwa watoto na wazee, ndio wasioweza kukimbia haraka.

Na maji haya hayangoji mvua inyeshe juu ya paa lako. Unaweza kuwa umelala pakavu huku bonde lililo juu yako limepigwa na mvua saa nzima. Ndiyo maana kuangalia mawingu ya juu ya nyumba yako hakutoshi. Habari unayohitaji iko kwa mtu anayekaa juu zaidi ya mto.

Kukimbia vita, kukimbia maji

Wakaaji wa Buleusa na vijiji vya karibu wanajua kukimbia. Kwa miaka mingi vita vya makundi ya silaha vimewatoa nyumbani, na Buleusa yenyewe iliwahi kuwa na kambi ya wakimbizi wa ndani. Lakini ujuzi huo, katika suala la mafuriko, unaweza kugeuka mtego kwa njia mbili.

Kwanza, anayekimbia vita hajengi anapotaka. Hupewa mahali ambapo mwenyeji hakupahitaji: ukingo wa mto, chini ya mteremko, penye udongo uliojazwa. Nyumba ni ya matete na hema. Mahali palipokuwa wazi kwa sababu wazee walijua maji hupita hapo, mgeni hawezi kujua asipoambiwa. Kumwonyesha mgeni njia ya zamani ya maji hakugharimu kitu, na kunaweza kuokoa nyumba nzima.

Pili, risasi zikisikika watu hushuka bondeni na kuingia porini, kwa sababu bonde huficha. Maji yakija, bonde ndilo kaburi. Filimbi au ngoma ikipigwa usiku bila makubaliano, kila familia itafikiri ni shambulio, itazima taa na kukimbilia chini. Kwa hiyo ishara ya maji lazima iwe tofauti na ishara ya vita, na ijulikane mchana, kabla ya hatari. Mashefu wa vijiji, makanisa, shule na shirika la raia wanaweza kulipatana katika kikao kimoja: ishara ni ipi, nani anaipiga, na kila mtaa unapanda kwenda kilima gani.

Alama za kuangalia

Wataalamu wa milima na wazee wa vijiji wanakubaliana juu ya alama kadhaa. Maji ya mto yakigeuka ghafla kuwa matope, au yakianza kubeba matawi na majani mabichi, ondoka kwenye ukingo. Mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, usifurahi: huenda udongo umeuziba huko juu, na maji yaliyokusanyika nyuma ya kizuizi hicho yatashuka yote kwa mara moja. Watu wa Mai Mahiu, nchini Kenya, walipatwa na jambo la kufanana na hilo usiku wa tarehe 29 Aprili 2024. Maji yaliyojaa nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kuua makumi ya watu.

Mlimani, angalia nyufa mpya kwenye shamba, miti iliyoanza kuinama, chemchemi mpya inayotoka mahali pakavu, au mlango wa nyumba uliokuwa ukifungwa vizuri na sasa unakwama. Ukisikia mngurumo kama wa lori zito mahali ambapo hakuna barabara, usitoke kwenda kutazama. Panda kando, upande wa kilima, usikimbie kufuata mto kuelekea chini.

Na usivuke. Maji yanayokimbia, yenye kimo cha sentimeta 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika nusu meta au zaidi kidogo yanabeba gari, na pikipiki haihitaji hata hayo. Mzigo wa muhogo unaweza kungoja saa mbili.

Kipimo cha mvua

Baada ya maafa ya Mei 2023, ambayo siku hizo hizo yaliua pia zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kujua kama mabadiliko ya tabianchi ndiyo yaliyoongeza nguvu ya mvua ile. Mwezi wa Juni walitangaza kwamba hawakuweza kupata jibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo la Ziwa Kivu havikutosha. Mamia walikufa, na hata kiasi cha maji kilichowaua hakikuweza kupimwa sawasawa.

Hilo ni deni la serikali. Shirika la taifa la hali ya hewa, Mettelsat, lina kazi ya kupima mvua na kuonya, lakini haliwezi kuonya juu ya bonde ambalo halina kipimo. Vituo vya mvua milimani, viwanja salama kwa wanaokaa kwenye njia za maji, na miti juu ya vijiji ni kazi ambazo kijiji peke yake hakiwezi kuzimaliza.

Lakini kuna kinachoweza kuanza wiki hii. Chupa yenye pande zilizonyooka, iliyokatwa juu na kuwekwa alama za milimita kwa rula ya shule, inapima mvua. Mwalimu au muuguzi wa kijiji cha juu anaweza kuisoma kila jioni, na katikati ya mvua kubwa. Simu moja kutoka kwake kwenda kwa shefu wa kijiji cha chini inafika kabla ya maji. Mahali ambapo simu haishiki, watu wa vilima vinavyoonana wanaweza kupokezana ngoma.

Katika milima ya Kivu mvua kubwa hurudi kila mwaka kuanzia Septemba, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Soko litaendelea kufunguliwa, na akina mama wataendelea kufua nguo mtoni, kwa kuwa hakuna mahali pengine. Kila kijiji kilicho chini ya mlima kijiulize sasa, kabla ya mawingu: huko juu, nani ana namba yetu?