Mlezi wa Mtoto Asiyeona Naye Huchoka

Mzazi wa Mwakirunge anayempeleka mwanawe Shule ya Wasioona ya Likoni hupanda matatu hadi mjini, kisha huvuka kwa feri. Safari ya kurudi bila mtoto ndiyo nzito zaidi, maana shule ni ya bweni.

Lakini mzigo huanza mapema. Mama huulizwa alikula nini akiwa mjamzito, au ni nani aliyemroga. Upofu wa watoto husababishwa na mambo kama mtoto wa jicho, surua, ukosefu wa vitamini A au kuzaliwa kabla ya wakati. Hata hivyo lawama humfanya amfiche mtoto, naye akajifungia humo humo ndani. Usingizi hupotea, hasira hupanda kwa jambo dogo, machozi hayaishi. Baba, mchukue mtoto hata nusu siku, mwenzio alale.

Mhudumu wa afya ya jamii akikutembelea, mweleze pia hali yako wewe, si macho ya mtoto pekee. Ukiona weupe kwenye mboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Matibabu yakichelewa, uoni huenda usirudi.