JE, WAJUA? Mchicha wa dirishani

Gramu 1 ya mbegu za mchicha ina punje zaidi ya 1,000, na kwenye joto la Kigoma na Ujiji huota ndani ya siku chache, hata kiangazi cha Juni hadi Septemba.

Toboa dumu lililokatwa, jaza mboji iliyoiva, tawanya mbegu, zifukie kidogo sana, kisha nyunyiza maji asubuhi na jioni. Miche hukatwa kwa mkasi baada ya wiki mbili hivi.

Iunge kwa mawese: wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Tahadhari: usioteshe mbegu zilizopakwa dawa. Acha shina moja likomae. Litakupa maelfu ya mbegu salama.