Mnenguaji naye ni mfanyakazi

Wasikilizaji wengi wa mjini wakisikia neno mnenguaji, fikra huishia kwenye kiuno na mavazi. Wiki hii tuzungumzie kazi yenyewe.

Kunengua hakukuzaliwa katika kumbi za Dar es Salaam. Kule Kibiti na Rufiji, kama ilivyo kwa watu wengi wa pwani yetu, mwali hufundwa na makungwi, na kucheza kiuno ni sehemu ya mafunzo hayo, wanaume wakiwa mbali. Hakuna anayemwita kungwi mhuni. Mchezo huo ulipopandishwa jukwaani mbele ya wanaume waliolipa kiingilio, jina la binti ndilo lililochafuka. Fedha ya mlangoni haikuchafuka hata kidogo.

Wenye bendi wanajua thamani yake. Aisha Madinda wa Twanga Pepeta, aliyefariki Desemba 2014, alikuwa na jina kubwa kama la mwimbaji. Wengi wa wenzake, hata hivyo, huishi kwa posho ya onyesho na fedha za kutunzwa. Akiteguka mguu, hana posho. Akipata mimba, nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Tena ni kazi ya usiku na ya safari. Mei 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea kuanzia saa 12 jioni katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Sikatai kwamba usalama ulidai hivyo. Lakini kwa yeyote ambaye riziki yake huanza saa 4 usiku, amri ya namna hiyo ni kufungiwa duka, na asiye na mkataba hana wa kumdai.

Mwenye bendi atasema huyu si mwajiriwa, ni msanii tu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haimwachii njia rahisi hivyo. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kwa miezi 3 iliyopita amemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi. Hebu tupige hesabu: maonyesho 3 kwa wiki, kila moja saa 5, yanatimiza saa 45 katika wiki ya 3, mazoezi hayajahesabiwa.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inampa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa anayofanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, pamoja na likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akiachishwa kazi kwa uonevu, ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Asiye na karatasi na aandike mwenyewe kwenye daftari, kila tarehe na kila saa, na ayatunze matangazo ya maonyesho yenye picha yake. Maana mwajiri asiyetoa masharti ya kazi kwa maandishi, shauri likifika, mzigo wa kuthibitisha walichopatana ni wake yeye.