Kuachana bila kuharibiana: talaka inayoanzia kwenye meza, si kwenye tribinali

Ndoa ikivunjika mashariki mwa Congo, ugomvi unaofuata mara nyingi hauhusu tena mapendo. Unahusu watoto, kiwanja, madeni na mahari. Familia mbili zinaingia vitani, feza zinaishia kwa mawakili, na watoto wanabaki katikati. Lakini kuna njia nyingine, inayoitwa talaka ya ushirikiano: bwana na bibi, kila mmoja na wakili wake, wanaketi meza moja na kupatana juu ya maisha ya baadaye kabla ya kufika mbele ya hakimu.

Njia hii ilianza mwaka 1990 katika mji wa Minneapolis, Marekani. Wakili Stu Webb alikuwa amechoka kuona kesi za talaka zikigeuza watu kuwa maadui. Akaamua kupokea tu watu walio tayari kupatana. Kutoka huko njia ikafika Canada na Ulaya. Ubelgiji, nchi ambayo sheria zake zimeacha alama kubwa katika sheria za Congo, iliiingiza katika sheria yake tarehe 18 Juni 2018.

Nguvu yake iko katika sharti moja. Mawakili wawili wanatia sahihi kwamba mapatano yakishindikana, wote wawili wataondoka, na kesi itachukuliwa na wengine. Kwa hiyo hakuna wakili anayepata faida ugomvi ukiendelea. Bwana na bibi nao wanaahidi kuonyesha mali yote bila kuficha: mshahara, akiba, viwanja, madeni.

Sheria ya Congo inasema nini?

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haina njia hiyo. Talaka inatolewa na tribinali peke yake. Bwana hawezi kumfukuza bibi na kusema ndoa imekwisha, na wawili hawawezi kuachana kwa kukubaliana tu. Hakimu lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka tena, na kwanza anajaribu kuwapatanisha.

Mapatano basi hayachukui nafasi ya hakimu. Lakini hakuna kinachowazuia wanandoa kumfikia wakiwa tayari wamesikilizana juu ya yale yanayoleta ugomvi mkubwa: nani atakaa na watoto, nani atabaki nyumbani, nani atalipa deni. Hakimu ndiye atakayeamua kama hayo yanalinda haki za wote.

Mfano ni wanandoa wa Butembo wenye watoto watatu. Bwana ana duka, bibi anauza vitenge sokoni, na nyumba ni moja. Wakipigania kila kitu, nyumba inaweza kuuzwa haraka kwa bei ya hasara. Wakiketi mezani, wanaweza kukubaliana kwamba bibi abaki ndani ya nyumba na watoto mpaka mdogo amalize shule ya msingi. Bwana abaki na duka pamoja na madeni yake, alipe feza za masomo kila muhula unapoanza, na watoto wawe kwake wakati wa likizo. Mambo madogo kama hayo wazazi wanayajua kuliko hakimu yeyote.

Ili mapatano yawe ya haki, kila mmoja lazima ajue haki yake. Wanandoa ambao hawakuchagua utaratibu wa mali siku ya ndoa, sheria inawaweka katika ule ambao mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Kiwanja kilichonunuliwa baada ya harusi hakiwi cha bwana peke yake kwa sababu tu jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Bibi asiyejua hilo anaondoka na nguo zake tu.

Watoto nao wana sauti. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka faida ya mtoto mbele, na inampa mwenye akili ya kupambanua haki ya kutoa maoni yake.

Wengine watasema baraza la wazee linafanya kazi hiyo tangu zamani. Ni kweli, na wazee wengi wameokoa ndoa. Lakini barazani, mahari na heshima ya ukoo mara nyingi vinasema kwa sauti kuliko bibi mwenyewe. Katika talaka ya ushirikiano, wanaoamua ni wawili waliooana, kila mmoja akiwa na mtu wa sheria pembeni yake.

Njia hii haifai kila mahali. Palipo na kipigo, vitisho au mali iliyofichwa, meza moja inakuwa mtego, na tribinali ndiyo kinga. Gharama ya mawakili wawili pia ni mzigo, ingawa mabaro ya mawakili yana ofisi za mashauri ya bure kwa wasio na uwezo.

Kwa walio tayari, hatua ya kwanza ni kukusanya karatasi: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za kiwanja, orodha ya madeni. Wanaoachana wanaacha kuwa bwana na bibi, lakini hawaachi kuwa baba na mama wa watoto walewale.