Je, wajua upinde una nundu?

Novemba katika misitu ya Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ni majira ya ayala mkia-mweupe kupandana. Dume ambaye mwaka mzima hujificha hadi giza liingie sasa hutembea mchana kweupe akifuata harufu ya majike. (Asichanganywe na kulungu wetu: pembe za ayala zina matawi, na kila mwaka huanguka zikaota upya.) Mwindaji yuko juu ya mti, mita tano au sita kutoka chini, ameketi tangu kabla ya mapambazuko akiwa amevaa nguo juu ya nguo. Dume anatokea, yuko umbali wa mita ishirini. Mwindaji anavuta upinde, na upinde unakataa. Ndio ule ule aliokuwa akiuvuta mwezi Agosti nyuma ya nyumba yake, jioni baada ya jioni, bila hata kuufikiria.

Aibu hii huwapata wengi kuliko wanaoikiri, nao wengi huitupia baridi lawama. Baridi ina sehemu yake, lakini kisa kamili kimo ndani ya upinde wenyewe.

Upinde ni ghala. Misuli yetu ina nguvu lakini haina kasi, kwa hiyo mkono hujaza ghala polepole, kisha upinde humwaga kila kitu kwenye mshale kwa mara moja. Katika upinde wa mti mtupu, kila sentimita unayovuta huongeza uzito, hadi ule uzito mkubwa kabisa unakukuta mwishoni, pale pale unapotakiwa utulie na kulenga. Ndiyo maana mpiga upinde wa zamani hakukaa akiushikilia. Alivuta, akaachia.

Pinde hizo hazikuwa za mchezo. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na ilipochunguzwa na kuopolewa mwaka 1982, kulipatikana humo pinde nzima zaidi ya mia moja. Watafiti hukadiria kwamba kuzivuta kulidai kati ya ratili 100 na 185, yaani kilo 45 hadi 84. Baadhi ya mifupa ya mabaharia wake ina kipande cha bega ambacho hakikuungana na mfupa mwenzake kama kawaida, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba hao walikuwa wapiga upinde walioanza mazoezi wangali watoto, mifupa ikiwa bado inakua.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Wawaata wa nyika ya Tsavo na mto Galana, nchini Kenya, waliwinda ndovu kwa pinde zilizopita ratili 100. Walimnyemelea ndovu hadi karibu sana, na mshale wao ulipakwa sumu iliyochemshwa kutoka katika mti wa jamii ya Acokanthera hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami, sumu inayousimamisha moyo. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, ufundi huo ukageuka kuwa ujangili kisheria, na katika miaka ya 1950 askari wa wanyamapori waliwaandama hadi desturi yenyewe ikavunjika. Kwa kipimo chochote cha haki, nadhani wapiga upinde hao walistahili kuingia katika historia ya ulimwengu ya silaha hii mapema zaidi kuliko walivyoingia.

Kisha akaja Holless Wilbur Allen wa Missouri. Mwaka 1966 aliomba hataza ya upinde wenye kapi kwenye ncha zake, akaipata Desemba 1969. Baharia wa jahazi anaijua kapi vizuri, ila hii ya Allen ina hila: mhimili wake haukai katikati bali kando. Kapi inapozunguka, wenzo unaomsaidia mvutaji hurefuka, na mzigo mkononi hupungua. Upinde wa kapi wa ratili 60 wenye nafuu ya asilimia 80 humwachia mwindaji ratili 12 tu anapofika mwisho. Akiuvuta na dume akasimama nyuma ya shina la mti, anaweza kumsubiri atoke, jambo ambalo upinde wa mti wa uzito huo ungemfanya atetemeke baada ya sekunde chache.

Nafuu hiyo ina bei yake, na hapa ndipo ilipo nundu. Uzito katika upinde wa kapi haupandi taratibu. Unaruka juu mapema, ugwe ukiwa umesogea kidogo tu, unakaa huko juu kwa sehemu kubwa ya safari, kisha unaporomoka. Kwa sababu hiyo ghala lake hujaa zaidi ya lile la upinde wa mti wenye uzito ule ule wa juu, na mshale hutoka kwa kasi zaidi. Lakini tazama mwili wa mvutaji wakati huo. Mkono wa kuvuta bado umenyooka mbele, bega bado limelegea, na misuli mikubwa ya mgongoni, iliyo kati ya makombe ya mabega, haijashika kazi. Upinde wa mti humdai kidogo mahali hapo, ukamsubiri mgongo uingie. Wa kapi humdai karibu kila kitu akiwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote.

Sasa ongeza saa nne za kukaa bila kutikisika. Msuli uliopoa hujikunja polepole na kwa nguvu ndogo, na koti nene hubana bega. Mwindaji akishindwa kuvuka nundu, mwili hutafuta njia ya mkato: anainua upinde kuelekea mbinguni, kisha anauvuta huku akiushusha, akitumia uzito wa mikono yake. Mwendo huo unaweza kuumiza bega, na ndio hasa ambao ayala haukosi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona sehemu kubwa ya mzingo wake bila kugeuka. Rangi ya chungwa ya fulana ya mwindaji haimsumbui, kwa kuwa hawezi kuitofautisha vizuri na rangi za msitu, lakini kitu kinachosogea hukiona mara moja. Atapiga kwato chini, atasimamisha ule mkia mweupe, atatoweka.

Wazoefu wana jaribio lao: keti kitini, inua miguu yote miwili hewani, elekeza upinde moja kwa moja kwenye shabaha, vuta polepole. Ikikubidi uuinue au ujipinde, uzito umekuzidi, hata kama dukani uliuvuta umesimama huku wenzako wakikutazama. Ubishi wa ratili ni ugonjwa wa wanaume wa kila bara. Sheria ya Colorado hudai ratili 35 tu kwa kuwindia, na Wisconsin 30, kwa kuwa chembe cha mshale chenye makali ya wembe hupenya ubavu wa ayala bila kuhitaji 70. Pinde nyingi za kapi zina skrubu mbili kubwa, moja kwenye kila mkono wa upinde, ambazo zikilegezwa sawasawa hupunguza ratili 10 hivi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ni ya kufanywa Oktoba.