Kabla ya Kumwita, Mtafute

Zamani jina lilikuwa likimngoja mtoto. Mvulana wa Kijaluo aliyezaliwa usiku aliitwa Otieno, msichana wa pwani aliyezaliwa Ijumaa akawa Mwajuma, na Mkikuyu kifungua mimba wa kiume akachukua jina la babu mzaa baba. Siku hizi mimba haijatimiza hata miezi saba, mama yuko kitandani na simu, analiandika jina kwenye Google aone nani keshalichukua.

Si bure. Mwaka 2015 nchini Marekani, wasichana zaidi ya 6,000 walipewa jina Alexa. Miezi michache nyuma Amazon ilikuwa imeanza kuuza spika inayoitikia jina hilohilo. Kufikia 2020, waliopewa jina hilo hawakufika 2,000. Wenye taabu ni waliokwishaitwa: mama akimwita binti aje kula, spika nayo inaitika.

Kutafuta maana nako kuna mitego. Orodha za majina za Kimarekani huwapa wazazi Zuri, eti ni Kiswahili cha mrembo. Mswahili akilisikia anangoja limaliziwe, kwani mtoto ni mzuri na nyumba ni nzuri. “Zuri” tupu ni la gari, tunda au, kwa bahati, jina lenyewe.

Huku kwetu kinachosumbua zaidi ni herufi. Hamisi, Hamis, Khamis: shangazi huwaita wote kwa sauti ileile, lakini kompyuta huona watu watatu. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamis na cha shule Hamisi, kijana ataishia kwa wakili, akiapa kuwa yeye ndiye yeye. Mara nyingi kosa lilianzia dirishani, karani akiandika alivyosikia na baba akikunja karatasi bila kuisoma.

Halafu kuna suala la kujificha. Jina la kawaida ni kichaka. Ukimtafuta Asha Juma wanakuja wengi, na upuuzi aliouandika mmoja wao akiwa na miaka kumi na sita unapotelea humo. Jina la kubuni, lisilo na wa pili, halina kichaka. Linamfaa msanii, lakini anayeomba kazi huenda akalijutia.

Pwani kuna dawa ya zamani: jina la mtoto, la baba, la babu. Ukisema Asha Juma Makame, umati umeshapungua. Lakini fomu nyingi za mtandaoni zina visanduku viwili tu, “jina la kwanza” na “jina la ukoo”. Asha anasita, kisha anamwandika babu yake kwenye ukoo, na baba anabaki nje ya fomu.