Sayansi Katika Fundo la Nywele

Wahenga walisema, "Ukitaka uzuri, sharti udhurike." Msichana aliyeketi mkekani tangu adhuhuri, kichwa chake kikiwa baina ya magoti ya msusi, aijua maana ya methali hiyo bila ya kufasiriwa. Lakini je, ni kweli kwamba msuko mzuri hauna budi kuumiza? Swali hilo si la urembo tu. Ni la sayansi pia, na jibu lake lamfaa kila anayejifunza kusuka.

UNYWELE NI NINI?

Unywele ni uzi mwembamba wa protini iitwayo keratini. Huota kutoka katika kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi, nao hurefuka kwa kadiri ya sentimita 1 kila mwezi. Sehemu inayoonekana haina uhai. Kilicho hai ni mzizi. Molekuli za keratini hushikamana kwa viungo imara vya salfa na viungo dhaifu vya haidrojeni. Maji huviachanisha hivi vya pili, navyo hujiunga tena nywele zikaukapo. Ndiyo sababu nywele zilizosukwa zikiwa na unyevu, zikifumuliwa baada ya kukauka, hubaki na mawimbi ya msuko.

HESABU YA MSUKO

Mwanafunzi wa ususi huanza na mafungu matatu. Fungu la kulia hupitishwa juu ya la kati, kisha la kushoto juu ya lile lililoingia kati. Mafungu hayo yakiitwa A, B na C, mpangilio wake huwa A-C-B, kisha C-A-B. Na baada ya vipishano 6 hurudi A-B-C kama ulivyoanza. Hata hivyo nywele hazikurudi zilivyokuwa: zimekwisha sukika. Mwanahisabati Emil Artin alichapisha nadharia ya misuko ya namna hiyo mwaka 1925.

Fundo la utosini lataka kipimo zaidi. Misuko hulazwa kichwani kutoka ukingo wa nywele hadi utosini, mfano wa mistari ya longitudo inayokutana katika ncha ya dunia. Ikiwa mzingo wa kichwa ni sentimita 54 na misuko ni 12, kila mmoja hupata upana wa sentimita 4.5 ukingoni, na upana huo hupungua kadiri utosi unavyokaribia. Anayeanza hukisia njia, akafika juu misuko imepandana. Fundi hugawa kwanza kwa chanuo: nusu, kisha robo, kisha kila robo mara tatu, ndipo asuke.

Utosini mikia yote husukwa kuwa msuko mmoja mnene, ukazungushwa kama kata ya mchukua maji, na ncha ikafichwa chini kwa vibanio. Kinachoshikilia fundo hasa ni msuguano. Kila mzunguko huuongeza, kama vile baharia azungushapo kamba ya jahazi kwenye nguzo, akaweza kukizuia chombo kizito kwa nguvu za mkono wake.

KOSA LA KUKAZA

Basi, kwa kuwa fundo hushikwa na msuguano, hakuna haja ya kuzivuta kwa nguvu nywele za ukingoni. Mvuto huo hauishi msusi aondokapo. Hudumu usiku na mchana, na nywele bandia huuzidisha kwa uzito wake. Dalili za kwanza ni maumivu na vipele, kisha nywele za pajini na za kando ya masikio hupungua. Msuko ukilegezwa mapema, nywele huota tena. Mvuto ukiendelea kwa miaka, vifuko vya mizizi hugeuka makovu, na upara huwa wa kudumu. Katika uchunguzi uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, takriban theluthi moja ya wanawake watu wazima walikutwa na upara wa namna hii.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi wachukue nyuzi tatu za katani zenye urefu wa sentimita 30, wazisuke, kisha wapime urefu wa msuko. Warudie kwa kukaza na kwa kulegeza. Je, urefu umepungua kwa kiasi gani kila mara, na kwa nini?

Methali ya wahenga yaweza kubaki, lakini kichwa kinachouma baada ya kusukwa kinatoa onyo, nalo lafaa kusikilizwa siku hiyo hiyo.